Mkono Usioongeza Kitu

Ndizi mbichi ina subira. Hukatwa ingali kijani, ikavundikwa, na baada ya siku kadhaa ikatoka tamu kuliko ilivyoingia. Embe na parachichi ni vivyo hivyo: kosa la shambani linaweza kusahihishwa ghalani. Beri hazitoi nafasi hiyo. Stroberi ikishakatwa kikonyo, utamu iliokuwa nao saa ile ndio utamu wake wa mwisho. Rasiberi ni hivyo hivyo, na bluberi, hata ikilainika, haizidi kuwa tamu. Tunda letu linalozikaribia kwa tabia ni forosadi, ambalo watoto hulila palepale chini ya mti kwa sababu halifiki nyumbani salama. Kuanzia shambani mpaka mezani, kila mkono unaoigusa beri una uwezo mmoja tu, nao ni wa kuipunguza. Mwenye ustadi hupunguza kidogo na mzembe hupunguza sana, lakini hakuna anayeongeza. Hapo ndipo linapozuka swali la kifalsafa ambalo biashara ya kusafirisha beri kwa ndege hulijibu kila siku bila kulitaja: kazi ambayo ufanisi wake wote ni kwamba hakuna kilichoharibika, ina uzito gani katika mizani ya maadili? Na kitu kikiharibika kimeshapita mikono mingi, deni ni la nani? Jibu ninalolitetea hapa ni la kale, na lugha yetu ina neno lake: amana. Kutunza ni wema kamili, si nusu ya wema, na kila anayepokea amana anadaiwa amana nzima, si fungu lake tu.

Tuanze na maumbile ya kitu chenyewe, maana asiyejua jinsi kitu kinavyokufa hawezi kukilinda. Tunda lililochumwa bado lina uhai. Linavuta oksijeni, linatumia sukari yake lenyewe, linatoa hewa ukaa na joto. Stroberi iliyo kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi hupumua karibu mara kumi ya ile iliyo kwenye 0, na maisha ambayo kwenye baridi yangefika wiki moja huisha kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana wataalamu husisitiza lianze kupozwa ndani ya saa moja baada ya kuchumwa, tena kwa feni zinazoilazimisha hewa baridi kupenya matundu ya vikasha, kwa sababu matunda yaliyorundikwa tu kwenye chumba cha baridi huchelewa mno kupoa katikati ya rundo. Baridi nayo ina mpaka wake: stroberi huanza kuganda kabla haijafika nyuzi moja chini ya sifuri, hivyo nafasi aliyonayo mlinzi haizidi upana wa ukucha. Hewa ikiwa kavu tunda linasinyaa. Unyevu ukiwa asilimia 90 hadi 95 linabaki limejaa. Lakini tunda lililopoa likitolewa ghafla kwenye hewa ya joto hutoka jasho, na jasho hilo ndilo maji yanayosubiriwa na ukungu wa kijivu, uitwao Botrytis cinerea. Mara nyingi ukungu huu huingia tangu ua linapochanua, ukalala humo kimya mpaka tunda liive. Kwenye nyuzi 0 haufi, hupunguza mwendo tu. Ukiamka, hutoka tunda hadi tunda linalogusana nalo, na hapo methali ya samaki mmoja akioza hutimia ndani ya kikasha cha plastiki.

Sasa tulifuate tunda safarini. Bluberi za Kenya, zinazolimwa katika maeneo ya miinuko na katika mashamba kama yale ya Kakuzi huko Murang'a, hupanda ndege Nairobi kwenda kwenye masoko ya Ulaya na Ghuba. Kabla ya ndege kuruka, mzigo umepitia kwa mchumaji, mpangaji wa gredi, mpakiaji, dereva wa lori la baridi, mkaguzi wa afya ya mimea, wakala wa mizigo na makuli wa kiwanjani. Baada ya kutua, orodha kama hiyo huanza upya katika lugha nyingine. Hatari kubwa haiko angani. Iko kwenye viungo vya safari: mlango wa banda ulioachwa wazi, foleni ya ukaguzi, lami ya kiwanja ambapo paleti husubiri kupakiwa jua likiwa kali. Blanketi la kuakisi joto, vifuko vya barafu ya jeli, na hewa ukaa inayoongezwa ndani ya mfuko wa paleti la stroberi hadi asilimia 15 au 20 ili kuuzuia ukungu, vyote huchelewesha uharibifu kwa muda. Hakuna kinachorudisha kilichopotea. Hewa ukaa yenyewe ikizidi, tunda huanza kuwa na ladha ya pombe. Na tunda lililopata joto kisha likapozwa tena haliirudii siku yake iliyokwisha. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta ina matumaini ambayo beri haina, kwa sababu katika beri hakuna ukuta unaoweza kujengwa baadaye.

Hapa ndipo hesabu ya kawaida ya lawama inapotushinda. Tuseme tunda lilichelewa nusu saa shambani, dakika ishirini langoni, dakika arobaini kwenye lami, na saa moja kwenye bohari la upande wa pili. Kila mmoja akiulizwa atasema ucheleweshaji wake ulikuwa mdogo, na atakuwa anasema kweli. Mchumaji aliyebonyeza kidogo zaidi ya ilivyotakiwa atasema tunda liliondoka mikononi mwake likiwa zuri kwa macho, na hilo pia ni kweli, kwani jeraha la kidole huonekana baada ya siku kadhaa. Tukijumlisha maneno haya ya kweli tunapata tunda lililooza bila aliyeliozesha. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na kinapozama kila nahodha ana ushahidi kwamba usukani haukuwa mkononi mwake. Kosa haliko katika ukweli wa majibu, liko katika swali. Tumeuliza, "Katika hasara hii, fungu langu ni kiasi gani?" Swali hilo hufaa kwa vitu vinavyogawanyika, kama deni la fedha au shamba la urithi. Uzima wa tunda haugawanyiki. Ama limefika likiwa tunda, ama limefika likiwa taka, na anayetoa udhuru kwa udogo wa fungu lake anapima kwa kipimo kisichofaa kitu alichokabidhiwa.

Mafundisho ya amana huuliza swali jingine. Katika fiqhi ya Kiislamu hutofautishwa mkono wa amana na mkono wa dhamana. Mwenye mkono wa amana halipi kitu kikiharibika bila kosa lake. Hulipa pale tu alipovuka mpaka au alipozembea. Wapo wanazuoni waliowabebesha dhamana mafundi wanaopokea mali za watu wengi, kwa hoja kwamba bila hivyo mali za watu zingepotea ovyo, na mjadala huo unaonyesha jinsi walivyoelewa kuwa wingi wa mikono ni kichaka cha uzembe. Lakini kipimo cha msingi kilibaki kilekile, nacho hakihesabu mafungu. Kinauliza: ulipokea nini, na umekabidhi nini? Je, ulikipunguza zaidi ya ilivyokuwa lazima? Swali hili anaweza kulijibu kila mtu peke yake, bila kungoja wenzake wajibu lao, na bila kujua tunda litaishia wapi. Mpakiaji aliyepokea tunda lililokwisha kupata joto hana ruhusa ya kusema limeshaharibika basi liharibike. Anadaiwa lile lililobaki, na lililobaki analidaiwa lote. Hii ndiyo maana ya kusema kila mmoja anadaiwa amana nzima. Haina maana kwamba kila mmoja atalipa hasara yote. Maana yake ni kwamba uangalifu haupungui kwa sababu waangalizi wameongezeka.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa maumbile yenyewe. Kama tunda linazeeka kwa kupumua kwake, na ukungu umo ndani tangu uani, basi kuoza ni majaliwa ya beri, na kumlaumu mtu ni kumlaumu kwa ajili ya kazi ya Muumba. Sheria nayo inaonekana kuunga mkono hoja hii: Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 kuhusu uchukuzi wa kimataifa wa anga humwondolea mchukuzi dhima akithibitisha kwamba mzigo uliharibika kwa sababu ya kasoro au tabia ya asili ya mzigo wenyewe. Lakini hoja hii ikichunguzwa inageuka. Kwa kuwa tunda litaoza bila shaka, hakuna aliyeahidi umilele. Kilichoahidiwa ni muda. Daktari hadaiwi kutokufa kwa mgonjwa, na bado anaweza kumuua kwa uzembe. Kadiri kitu kilivyo na maisha mafupi ndivyo dakika yake inavyokuwa na thamani zaidi, na ndivyo kuipoteza kunavyokuwa kosa kubwa zaidi, wala si dogo zaidi. Mkataba huohuo humpa mpokeaji siku 14 za kupeleka malalamiko juu ya mzigo ulioharibika. Rasiberi yenyewe haiishi siku hizo hata ikitunzwa vizuri. Sheria hufika baada ya maziko. Na pale maumbile yanapokuwa kweli ndiyo mwenye kosa, kipimo cha amana kinajua kusamehe. Mwezi Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ililipua majivu yaliyofunga sehemu kubwa ya anga la Ulaya kwa takriban wiki moja, na huku Kenya maua na mboga vikarundikana bila ndege na vingi vikatupwa. Mikono ya Nairobi haikuwa na hatia. Anayepima wema kwa matokeo hana namna ya kuwatofautisha watu wale na mzembe aliyeacha paleti juani. Anayepima kwa amana hupata tofauti hiyo mara moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa sababu linatoka ndani ya dini. Katika Injili ya Mathayo kuna mfano wa watumwa waliokabidhiwa talanta. Wawili walifanya biashara wakaongeza. Wa tatu alifukia yake ardhini, akairudisha kama alivyoipokea, akahukumiwa kuwa mvivu. Je, huyu siye mtunzaji tunayemsifu, aliyekabidhi alichopokea bila kupunguza? Nadhani siye. Talanta ilikuwa fedha, na fedha ikifukiwa hukaa bila kuhitaji kazi ya mtu. Yule mtumwa hakutunza, alijiondolea kazi. Jaribu kufukia kikasha cha rasiberi uone kama utakikuta. Kuitunza beri ni kazi ya kila dakika, na mkono uliolala hauwezi kuifanya. Kwa hiyo mfano ule unalaani uvivu uleule ambao amana inaulaani. Zaidi ya hayo, hekima ni kujua kipi kinaongezeka na kipi hakiongezeki. Anayelizuia tunda ghalani siku moja zaidi akingoja bei ipande anajiona mtumwa mwema wa talanta, kumbe anafanya biashara kwa kitu kinachokufa mkononi mwake. Kielelezo kinachofaa zaidi ni Nabii Yusuf, ambaye Mwanzo na Kurani humweleza kuwa mtunza ghala wa Misri. Katika Kurani anashauri nafaka iachwe kwenye masuke yake, na anapoomba kuwekwa juu ya hazina za nchi anataja sifa mbili pamoja: kuhifadhi na kujua. Sifa ya pili ndiyo tunayoisahau. Nia njema isiyojua nyuzijoto huiua beri sawasawa na nia mbaya.

Mtu wa vitendo ataleta pingamizi la tatu: maadili ya nini, ilhali kuna mikataba na vifaa? Weka kinasa joto ndani ya paleti, kikifika kisomwe, aliyekosea atozwe. Vifaa hivi ni vizuri na hakuna msafirishaji makini anayepaswa kuviacha. Lakini tazama vinachokiona. Kinasa joto husoma hewa ya mahali kilipowekwa, si nyama ya kila tunda; huanza kazi kinapowashwa, na saa ya kwanza ya shambani, iliyo na uzito kuliko zote, mara nyingi imekwisha kupita. Hakioni kidole cha mchumaji. Hakioni kikasha kilichoangushwa kikaokotwa. Na husomwa mwisho wa safari, wakati ambapo kujua hakuokoi. Katika mnyororo huu kosa huzaliwa mkononi mwa mmoja na kuonekana mkononi mwa mwingine, na kati yao kuna bahari. Hali hiyo ndiyo iliyofanya amana iwe suala la dhamiri tangu zamani: mwenye mali hayupo, shahidi hayupo, na aliyekabidhiwa yuko peke yake. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1788 kuhusu akili ya kimatendo, alichagua mfano wa amana isiyo na hati, ambayo mwenyewe amekufa, ili kuonyesha kwamba kanuni ya kuikana ikifanywa sheria ya wote hakutabaki amana yoyote duniani. Ndivyo ilivyo hapa. Kila mtu akijiruhusu uzembe usioweza kuonekana, hakuna mkataba utakaofikisha beri, kwa sababu karibu kila uzembe unaoiua beri hauonekani unapotendeka.

Wapo pia watakaouliza kama si kiburi kupigana na kuoza kwa nguvu kiasi hiki. Kitabu cha Kutoka kinasimulia mana iliyoshuka jangwani: waliobakiza mpaka asubuhi walikuta imeingia funza na kunuka. Inaonekana somo ni kwamba chakula cha siku kiliwe siku yake, na anayetaka kukishinda kifo anavuka mpaka wake. Lakini simulizi hiyohiyo inaendelea kusema kwamba mana iliyowekwa kwa ajili ya Sabato haikuoza, na kwamba chombo kimoja cha mana kiliwekwa kiwe kumbukumbu ya vizazi. Kitu kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni sababu ya kukiweka. Waliooziwa waliweka kwa kutoamini, ili kumiliki kesho. Mtunza amana haweki ili amiliki. Anaweka ili akabidhi, na kazi yake humalizika kitu kinapotoka mikononi mwake. Chumba cha baridi kinaweza kuwa ghala la mlanguzi au kituo cha mwaminifu, na kipimajoto cha ukutani hakitakuambia ni kipi.

Pingamizi la mwisho haliondoki kirahisi, na sitaki kuliondoa kirahisi. Bluberi inayoruka kutoka Nairobi huenda kwa mtu ambaye hangeona njaa kama angeikosa, na pengine aliyeichuma hawezi kuinunua kwa bei ya kule inakoliwa. Kubeba kilo moja kwa ndege hutumia mafuta mengi kuliko kuibeba kwa meli kwa umbali uleule, tena kwa tofauti kubwa mno. Je, kuna utakatifu gani katika kuitunza anasa? Kwanza, uaminifu haupimwi kwa hadhi ya mzigo: mtu hana ruhusa ya kuivunja amana kwa kuwa haipendi. Pili, ndani ya tunda hamna hamu ya mnunuzi peke yake. Mna maji ya mto, vidole vya mchumaji na mafuta yaliyokwisha kuchomwa. Likioza, vyote hivyo vimetumika na hakuna aliyekula, na uovu wa namna hiyo hauna hata mtu mmoja wa kuutetea. Tatu, na hapa pingamizi lina haki yake, amana ikifuatwa mpaka mwisho haiishii kwenye tunda. Peru husafirisha sehemu kubwa ya bluberi zake kwa meli, safari ya wiki kadhaa, katika makontena yanayodhibiti hewa na baridi, kwa sababu bluberi huvumilia kile ambacho rasiberi haikivumilii. Ikiwa tunda linaweza kwenda polepole na likafika salama, mtunzaji mkweli anapaswa kuuliza kwa nini liruke. Aliyeilinda beri kwa kuichafua hewa ambayo nayo ni amana, tena ya wenye mali wasiokuwapo kuliko wote, yaani watakaozaliwa, hajamaliza hesabu yake. Kwa hiyo pingamizi hili haliuvunji msingi wa amana, linadai upanuliwe.

Bluberi nzuri ina utando mweupe wa nta juu ya ngozi yake ya samawati. Utando huo hulisaidia tunda lisipoteze maji, na hufutika kwa kuguswa tu. Hivyo kila kidole kilichopita pale huacha baka jeusi linalong'aa. Mnunuzi anayeinua kikasha kwenye taa za duka na kukuta matunda bado yamevaa weupe wake haoni chochote cha ajabu. Anaona bluberi. Hajui kwamba anatazama matokeo ya kazi ya watu wengi wasiojuana, ambao kila mmoja alikuwa na nafasi ya kupunguza bila kujulikana, naye akajizuia. Dunia inayohesabu faida peke yake itaendelea kuwalipa kidogo watu wa aina hii, walinzi, walezi, wauguzi wa zamu ya usiku, wafunga milango ya vyumba vya baridi, kwa kuwa mwisho wa siku hawana kipya cha kuonyesha. Amana hutufundisha kuuliza kitu kilikuwaje kilipofika mikononi mwao na kilikuwaje kilipoondoka. Kwa swali hilo, weupe ule mwembamba juu ya tunda ni jibu tosha.